Mpimaji wa Kuvu

Mwaka huo mvua iliyopaswa kwisha kabla ya mavuno ilijiongezea mwezi mzima, joto nalo likakataa kupungua, na redio ikatangaza kwamba mahindi mengi yameingiwa na kuvu yenye sumu. Wenye huruma walihuzunika. Sharubati, aliyebandikwa jina hilo kwa utamu wa ulimi wake, alinunua koti jeupe.

Siku ya tatu baada ya tangazo alijitoma kwa Mama Ghala, mjane aliyeuza nafaka karibu na soko, akiwa na bambo, kile chuma cha kutobolea magunia na kutolea punje, na kile kimashine cha kupimia sukari ya damu.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kupima kuvu."

"Marahaba, mwanangu. Pima."

Alitoboa gunia kwa bambo, akaweka punje juu ya kimashine, akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Punje zenyewe hakuzitupia jicho. Alikuwa akiutazama uso wa mama, maana huko ndiko ilikokuwa kazi yake.

"Pole sana. Yamejaa sumu. Ni tabianchi hii, mama, wewe huna kosa. Lakini sheria inataka yachomwe."

"Yote?" Mama Ghala akashika kifua. "Mama yangu wee! Magunia themanini!"

"Ila nina mtu wa kiwanda cha gundi. Atayachukua kwa robo bei, kimyakimya."

Mama alilia, akabembeleza, ikawa theluthi. Ili ayanunue yeye mwenyewe, Sharubati akauza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, tena akaiuza huku akipiga mluzi. Kesho yake angeyapeleka kiwanda cha unga kwa bei kamili, anunue pikipiki mbili.

Kiwandani, mpimaji wa kweli alipasua punje moja tu. Ndani ilikuwa ya kijani.

"Haya hata kuku hawapewi," alisema. "Yanachomwa leo hii, tena mbele yangu."

Sharubati alisimama kwenye moshi akitoa machozi ya kweli, ya kwanza tangu utotoni. Maskini, maishani mwake alikuwa amesema ukweli mara moja tu, na ukweli huo ukamlia pikipiki. Akarudi ghalani kwa miguu, koti limejaa masizi.

"Mama! Yale mahindi yalikuwa mabovu!"

"Si ndivyo ulivyoniambia, mwanangu?" Mama Ghala akageukia ndani. "Jamani, amerudi!"

Wafanyabiashara sita wakainuka kwenye benchi, kila mmoja na mfuko wa mahindi mkononi, wakamzunguka kwa heshima zote.

"Daktari, anza na mimi, hata robo bei napokea," alisema mzee wa mbele. "Yangu yameoza kuliko ya hawa wote."