Chungu cha Pembe Nne

Nyabiondo, Jumatatu, 1 Machi 1954

Dada Epiphanie, shajara hii itakufikia huko Mpofi, na ndani yake sitakuficha hata aibu. Sista Dorothée atachagua msichana mmoja wa darasa letu akasomee ualimu. Jumamosi ya wiki ijayo kila mmoja wetu alete kazi ya mikono yake. Verdiane anasuka kikapu. Kizuri mno. Najaribu kumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Leo chungu cha mama kimenitoka mlangoni, kikabingirika hadi shamba la maharagwe. Vipande tu. Hapa mlimani kila kitu cha duara kinakimbilia bondeni. Basi nimepata wazo: chungu cha pembe nne. Kitatulia.

Jumatano, 3 Machi

Mama Nyiramana, mfinyanzi, amenipa udongo na hakutaka kitu. Mungu amtunze. Alipoona pembe alicheka mpaka akaketi. "Mutoto, hii iko chungu ao sanduku?" Nimefinyanga vitatu. Vinakauka juu ya jiko.

Jumatano, 10 Machi

Tumevichoma. Viwili vimepasuka, vyote penye pembe. Mama Nyiramana amesema moto unaanza kuuma pale udongo ulipokunjwa. Nashukuru kwa cha tatu.

Ijumaa, 12 Machi

Nimepika maharagwe. Katikati mabichi, pembeni makaa. Mwiko haufiki. Nimekwangua kwa kijiti, kwa kisu, kwa ukucha. Verdiane amepita, amenusa. "Dada, hii njo dawa ya kufukuza wageni?" Kisha ameketi, tukakwangua pamoja hadi mvua ikatuingiza ndani. Kumchukia ni kazi ngumu.

Jumamosi, 13 Machi

Chungu hakikubingirika. Kilitulia mbele ya Sista, kikinuka.

Sista akatuuliza kwa nini vyungu ni vya duara. Verdiane akasema ndivyo mama zetu walivyofanya. Mimi nikasimama: duara halina kona ya kupasuka, moto hulizunguka sawasawa, mwiko hufika kote, na mkono huosha bila kutafuta. Sista akatazama kucha zangu nyeusi.

Amenichagua mimi! Verdiane amenikumbatia na kunipa kikapu chake nibebee nguo. Nimelia njia nzima kwa shukrani.

Karibu na nyumbani nimeligundua kosa langu. Pembe nne zilizidi. Mafiga ni matatu! Dada, nijibu kwa mkono wa huyuhuyu anayekuletea shajara hii: huko Mpofi kuna udongo unaofaa chungu cha pembe tatu?