Trauti Asiye na Pezi

Jumatatu, 8 Julai
Royce, bosi wetu sisi tunaowapeleka wageni kuvua kwa mashua, ametangaza: atakayempatia mgeni wake samaki aina ya trauti wa inchi ishirini wiki hii ndiye atakuwa mkuu wa mashua zote. Ni mimi au Darlene. Miaka ishirini na miwili napiga makasia kwenye mto huu! Darlene ana mitatu, tena hupita kwenye maporomoko akipiga mluzi. Leo mgeni wake kanasa wa inchi kumi na tisa. Wangu kanasa kofia yangu.

Jumanne, 9 Julai
Nimewahi alfajiri ili nipate maji mazuri kabla ya wenzangu. Tukapinduka! Hakuna aliyeumia, ila sandwichi zote zimekwenda. Darlene akapita, akauliza, "Vipi Verlin, leo mnavua kwa mikono?" Simpendi.

Jumatano, 10 Julai
Akili ni mali. Nimenunua trauti kwenye bwawa la kufugia samaki. Inchi ishirini na mbili! Nimemficha ndani ya kizimba cha waya majini, pale tunapoegesha mashua kula. Kesho nambeba Bibi Tollefson, jaji mstaafu, miaka themanini na moja. Haoni vizuri. Ukuu huo unanukia!

Alhamisi, 11 Julai
Bibi akimenya yai, nikamtundika samaki kwenye ndoano yake, nikapiga kelele avute. Akavuta. Samaki akaja bila ubishi, kama soksi. Bibi akampapasa mgongo karibu na mkia, na hapo ndipo nikakumbuka. Samaki wa bwawani hukatwa kile kipezi kidogo wakiwa wachanga, wasichanganywe na wa mtoni. Hata watoto wa chekechea hapa wanajua!
"Mwanangu," akasema, "huyu kaja kwa gari au kwa basi?"
Sheria hairuhusu wa bwawani kuachiwa mtoni, kwa hiyo Royce, baada ya Bibi kumweleza yote, kamkaanga, tumekula wote. Darlene kaomba kipande cha pili. Ndiye mkuu sasa, Royce hakungoja hata wiki iishe. Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza sandwichi. Nimelia kidogo nyuma ya gari, sitaficha.

Ijumaa, 12 Julai
Royce kaniambia hila moja tu nyingine na kazi sina. Nimeapa mbele ya wote. Kisha nimekaa nikatafakari kosa langu kwa moyo mweupe, na nimeliona: kipezi! Ningebandika cha trauti wa mtoni, nani angejua? Gundi ya kuzibia mashua haiachii hata majini. Nimeijaribu mwenyewe. Vidole vyangu viwili havijaachana tangu saa nne asubuhi.