Pikipiki Yenye Pindo

Jumamosi, 4 Machi

Najuta kwenda kunyoa. Ningebaki na nywele zangu ningekuwa na amani. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameweka kikombe cha ushindi cha mwanawe mbele ya kioo, kati ya poda na mashine, na amekigeuza ili mteja asiweze kujitazama bila kukiona. Mbio za pikipiki za watoto, mshindi wa pili. Kinyozi anatamka "wa pili" kama vile hakukuwa na wa kwanza. Alinigeuza kichwa mara kadhaa bila sababu yoyote ya kinyozi.

Nisingejali, ila binti yangu naye ameshashikwa. Ana miaka sita. Tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, hata akiwa na chakula mdomoni. Wiki iliyopita mtoto wa kinyozi alimwazima kipikipiki chake, naye binti akazunguka nacho uwanja ulio nyuma ya maduka, na tangu hapo ananguruma kama injini mezani, bafuni, kitandani. Ameniomba pikipiki ya mashindano. Nimekubali, tena kwa sauti, mbele ya kinyozi na wateja wake wote. Nilijipiga hata kifua.

Jumapili, 5 Machi

Tumekwenda kwenye banda la muuza pikipiki, jirani na uwanja wa mbio. Zilikuwapo mbili za watoto. Ya kwanza ndogo, ya njano, haina klachi wala gia. Mtoto anazungusha mafuta inakwenda. Wenyewe wanaiita Hamsini, kwa ukubwa wa injini. Ya pili ya bluu, ndefu, ina klachi, ina gia, ina miguu kama ya farasi. Hiyo ni Sitini na Tano.

Chiriku alipanda ya njano, akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, akasema hiyo ndiyo yake. Muuzaji akasema mtoto keshamaliza kazi, sisi wengine tulipe tu. Nikampandisha ya bluu. Miguu ilining'inia.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule tangu sijaoa. Sijawahi kupata mzazi mwenye akili timamu aliyetaka sketi ya kumtosha mtoto leo. Wote huniambia, fundi, acha pindo. Unashona kubwa, unakunja chini, unabana kiuno, na kila mwaka unafungua kidogo. Nikamfundisha muuzaji elimu hiyo. Akanijibu kwamba pikipiki haina pindo. Nilimhurumia, maskini, hajui ufundi ni nini.

Nimechukua ya bluu. Chiriku alirudia kwamba yake ni ile ndogo. Nikamwambia atanishukuru akifika miaka tisa. Hakusema neno hadi nyumbani. Furaha ilimzidi, nadhani.

Najuta kitu kimoja tu, sikudai wanifutie vumbi.

Jumanne, 7 Machi

Siku ya hasara. Niliona si haki kumfundisha mtoto klachi ambayo mimi mwenyewe siijui. Asubuhi nikaipanda uani. Magoti yalinifika masikioni. Nikaachia klachi taratibu, nadhani taratibu, pikipiki ikaruka mbele kama imechomwa sindano. Nilipita chini ya kamba ya nguo nikiwa nimekaa, nikatokea upande wa pili nimelala, na sare nyeupe za manesi, oda nzima, zimenifunika kwenye tope.

Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. Aliuliza kwa upole kama pikipiki hii nimemnunulia mtoto au nimejinunulia mwenyewe. Upole wake ndio ninaouogopa. Halafu akauliza kwa nini mtoto hajaigusa tangu Jumapili. Nikasema anaizoea kwa macho.

Nimefua siku nzima. Najuta kutoanua zile sare kwanza.

Alhamisi, 9 Machi

Kinyozi amevuka barabara makusudi kuja kunipa pole. Ameitazama pikipiki, akabenua midomo, akasema kocha wa watoto ana sheria moja isiyo na mjadala: kabla ya mbio kila mtoto anakaa juu ya pikipiki yake, na asipokanyaga chini kwa miguu yote miwili haingii uwanjani. Akaongeza kwamba ile ya njano bado iko bandani. Alisema kwa wema. Wema wa mtu mwenye kikombe unaumiza kuliko matusi.

Nilipiga moyo konde. Nguo ikiwa kubwa fundi hairudishi dukani, anaipunguza. Nikafumua ngozi ya kiti, nikachonga sponji kwa kisu mpaka ikabaki nyembamba kama kipande cha mkate, nikashona upya. Mshono hauonekani, hata nikijisifu nina haki. Kisha nikapeleka viatu vyake kwa fundi viatu, nikamwagiza aongeze soli. Alipomaliza moja nikamwambia aongeze nyingine. Aliuliza mtoto ana tatizo gani la miguu. Nikasema hana, ni mfupi kwa muda tu.

Chiriku amevaa, amekaa, amekanyaga chini. Amesema viatu vinamvuta. Nikamwambia ndiyo uzito wa ubingwa.

Jumamosi, 11 Machi

Mazoezi nyuma ya maduka. Nilikimbia nyuma nimeshika kiti, yeye anaendesha. Akienda anakwenda vizuri kweli, ana roho. Shida ni kusimama. Kila akisimama pikipiki inamlalia, nami naidaka. Mara ya mwisho aliniuliza kama kesho kwenye mbio nitakuwa nyuma namna hii. Nikamwambia kesho hatahitaji mtu. Aliniamini. Huyu mtoto ananiamini kila kitu.

Jumapili, 12 Machi

Naandika kwa sababu siwezi kukaa tu.

Kocha alipita mtoto kwa mtoto. Alipofika kwetu alitazama viatu, akatazama miguu chini, akainama akamuuliza Chiriku mwenyewe kama anajisikia sawa juu ya pikipiki hiyo. Chiriku alinitazama mimi kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Naye akatikisa chake. Kocha akamruhusu.

Geti la kuanzia lilianguka, wenzake wakaondoka, yeye akaondoka wa mwisho lakini akaondoka, na mimi nikapiga kelele za furaha kama mwehu. Kwenye kona ya kwanza mtoto wa mbele yake alizimikiwa na pikipiki. Ilibidi Chiriku asimame. Alitoa mguu, zile soli zikateleza kwenye udongo, na pikipiki ikamlalia mkono.

Kinyozi ndiye aliyefika kwanza. Aliacha kumtazama mwanawe akakimbia kumnyanyulia mwanangu pikipiki. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono kichwani.

Mfupa wa mkono umevunjika, juu kidogo ya kiganja. Daktari amemfunga plasta. Alishika kiatu kimoja, akakipima uzito mkononi, akaniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukiwa garini kurudi, Chiriku aliniomba msamaha. Alisema angekuwa mrefu kidogo asingeanguka. Alisema atajitahidi.

Mama yake alitazama nje dirishani njia nzima. Najuta. Nimeandika neno hili mara kwa mara siku hizi kwa mambo ya kipuuzi, na leo sina lingine la kuandika.

Jumamosi, 18 Machi

Nyumba iko kimya na mimi nimezoea kelele. Chiriku anajibu akiulizwa, basi. Jana alimwomba mama yake uji wa pili. Mtoto ambaye uji tulikuwa tunamlazimisha. Mama yake akauliza kulikoni, Chiriku akasema anataka kukua upesi kwa ajili ya pikipiki ya baba.

Pikipiki ya baba. Ndivyo anavyoiita.

Mke wangu aliniita chumbani akafunga mlango. Alisema hana ugomvi na pikipiki, wala hana ugomvi na mbio, anayo hoja moja tu: mtoto alisema mwenyewe ni ipi yake, na ni mimi peke yangu niliyekuwa sina masikio siku ile. Nilianza kusema kuhusu pindo, akaniomba nisilitaje neno hilo ndani ya nyumba hii.

Nilikwenda kumpigia Chiriku magoti. Nikamwambia hana kosa, urefu wake ni sawa kabisa, pikipiki ndiyo iliyokuwa na kosa, na mimi. Alinisikiliza. Akauliza kama aendelee na uji. Nikalia mbele ya mtoto, sioni aibu kuandika.

Jumatano, 5 Aprili

Nimerudisha ya bluu. Muuzaji alikibonyeza kiti, kidole kikagonga chuma, akasema haipokei pikipiki iliyonyongwa. Nikaomba nafasi. Nikanunua sponji mpya, nikashona kiti kikawa kizuri kuliko kilivyotoka kiwandani. Akakizungukia, akakisifu, na tukaelewana: nimshonee viti vyote vilivyochanika bandani, naye anipe ile ya njano. Nimeshona siku tatu, vidole vimechubuka. Sijui kama kuna siku nimeshona kwa moyo namna hii.

Kinyozi aliniona nikipita naisukuma. Alitoka, akashika upande mmoja, tukasukuma wote hadi uani. Hakutaja kikombe. Nimemuonea wivu mtu huyu muda mrefu na sasa hata hilo limenishinda.

Chiriku aliitazama dirishani. Hakutoka.

Jumamosi, 27 Mei

Siku njema kuliko zote za mwaka huu.

Plasta ilitoka zamani, mkono umepona, daktari ameruhusu. Leo asubuhi Chiriku mwenyewe, bila kuitwa, alikwenda uani akaipanda ya njano. Nyayo zote mbili chini. Akaiwasha. Akazunguka, akasimama mwenyewe, mguu ukashika udongo, akacheka. Halafu akaanza kusema na hajanyamaza hadi sasa. Amenieleza habari za matairi, za matuta, za mtoto wa kinyozi ambaye anaogopa kona. Alipokuja kunishika mkono aliniambia safari hii nimechagua vizuri. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinitazama kama zamani.

Nimekuwa mtu mwingine. Nalisema wazi. Mtoto si sketi. Anachohitaji leo kimtoshe leo, na mzazi asiyesikia hilo anacheza na mwili wa mwanawe. Nimemwambia kinyozi maneno hayo hayo akakubali kwa kichwa. Nimefikiria hata kuyaandika ukutani kwenye duka langu.

Mchana tulikwenda bandani kununua helmeti, kwa kuwa ile ya mwanzo ilikuwa ya kuazima. Chiriku alijaribu moja, ikambana mashavu vizuri, akatikisa kichwa nayo ikatikisika pamoja naye. Muuzaji akasema hiyo hiyo. Mimi pia nilisema hiyo hiyo.

Lakini ni kitu cha gharama, na kichwa cha mtoto nacho hukua. Chiriku alipotoka kutazama matairi nikamnong'oneza muuzaji atoe namba mbili juu. Alisita, nikamwambia mimi ndiye baba. Nyumbani tumeijaribu, inazunguka kidogo. Chiriku aliuliza kama inatakiwa kuzunguka hivyo. Nikamwambia ndiyo, akasema sawa, baba.

Nitajazia pamba. Mbio ni kesho.