Ombi la Kuazima Kasri la Ekvik kwa Jumamosi Moja

Märsta, Uswidi, 4 Juni 2009

Kwa Ndugu Jonas,
Mkuu wa Kasri la Ekvik.

Heshima yako itangulie. Ni mimi Deusdedit, msafishaji wako wa mwaka wa nane. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ulichimba visima Dodoma miaka sita, na pia kwa kuwa katibu wako husoma kila karatasi inayopita mezani kwake.

Ndugu Mkuu, mama yangu anakuja kutoka Kamachumu, Bukoba. Tangu 2001 nimekuwa nikimtumia picha zangu nikiwa nimesimama mbele ya kasri. Sikuwahi kuandika kwamba ni langu. Niliandika tu, "Mama, hapa ndipo nilipo," na Mungu ni shahidi kwamba ndipo nilipokuwa. Mengine niliamini yeye na wanakijiji wameyajaza wenyewe, nami sikuona sababu ya kuwakatiza. Sasa mama anakuja, na bila shaka atataka kulala humo. Nikiumbuka, sitakuwa na uso wa kumtazama tena mpaka nife. Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu dhidi ya kasri, yarekebishwe kabla ya Jumamosi tarehe 13.

1. Bango la langoni. Linasema kasri lilijengwa 1574 na kwamba ni mali ya manispaa. Nani aliuliza? Miaka minane nimelikinga kwa mwili wangu kila ninapopigwa picha, na kadiri ninavyonenepa kazi imekuwa nyepesi. Mama hasomi Kiswidi, lakini anajua kwamba nyumba ya mtu haiwekewi maelezo mlangoni. Ling'olewe.

2. Picha ya mwanzilishi ukumbini. Yule bwana mwenye kola pana kama sinia la pilau humtazama kila aingiaye kana kwamba amekuja kuiba. Ashushwe. Kama ni mzito, basi isemwe kuwa ndiye aliyeniuzia.

3. Madirisha ya kaskazini. Saba kati yake si madirisha, ni rangi juu ya ukuta. Niligundua wiki yangu ya kwanza, nikiwa juu ya ngazi, nilipofuta kioo na kioo kikahamia kwenye kitambaa. Nikaandikiwa barua ya onyo. Mwongoza wageni hueleza kwamba bwana yule alitaka pande zote za nyumba zilingane, kama walivyojenga Waitalia enzi zile, na kwa kuwa upande huo hakuwa na vyumba, akachora. Wageni hupiga makofi! Akidanganya bwana mkubwa, wanaita usanifu. Mimi nimechora dirisha moja tu, tena la kumfurahisha mzazi, halafu nikose usingizi?

4. Historia yenyewe. Ina upungufu. Bwana huyo alijenga kwa miaka kumi na moja, akaishi humo majira matatu ya joto, akafa. Mimi nimeshinda humo miaka minane. Ngazi ya mnara, ile inayojizungusha kama konokono, ina vidato sitini na viwili, na kila kimoja kinayajua magoti yangu. Kwetu mtu akipalilia shamba miaka yote hiyo na mwenyewe hatokei, ukoo huanza kuulizana. Sidai hati. Nadai tu kwamba siku hiyo mwongoza wageni aifikishe hadithi yake mpaka 2001, amalizie kwa jina langu.

5. Wewe mwenyewe. Hili nimelifikiria kwa uchungu, lakini kasri la mtu wa heshima halikosi mtunza bustani. Una mikono ya kazi, na Kiswahili chako kinatosha kwa nafasi hiyo. Kofia ninayo, nimeshanunua. Ukimwona mama, ivue, sema "Shikamoo", kisha urudi kwenye maua.

Nisalimie mkeo, watoto, mwongoza wageni, na hata katibu, ambaye najua amefika mpaka hapa kwa kamusi.

Wako mtiifu (isipokuwa Jumamosi),

Deusdedit

Nyongeza, 11 Juni. Barua hii imekaa mfukoni wiki nzima nikitafuta ujasiri. Mama alifika juzi. Nilimwambia kasri linapakwa rangi, tulale kwanza kwenye fleti hii ya Märsta. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatoa mzigoni kopo la senene, wale panzi wetu wa kukaanga, amelifunga kwa kitambaa: "La bosi wako." Kumbe alijua tangu picha ya kwanza. Nyumba gani haina kamba ya nguo wala ndala mlangoni, na mwenye nyumba gani huning'iniza funguo zote kiunoni? Kijiji kizima kilijua, wakaninyamazia kwa kunistahi. Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, bango libaki, senene nitakuletea kesho.

Niliona aibu, Ndugu Mkuu, nikalia mbele yake kama mtoto. Hakunikaripia. Alisema kilichomuuma ni kimoja tu: miaka minane ameniombea kila jioni bila kujua nalala wapi, ikabidi aliombee jengo zima, chumba hadi chumba, asije akanikosa.