Nyuki Wamehamia kwa Kuku Wangu

Jumatatu, 8 Septemba

Nyuki wamehamia kwenye banda langu la kuku! Kundi zima. Saa nne asubuhi, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, na katika Sumbawanga yote wamechagua kwangu. Walipita juu ya paa la jirani yangu Silvana bila hata kupunguza mwendo.

Wameingia kwenye tenga bovu linaloning'inia juu ya viota. Nilidhani kuku watatoka mbio. Wapi. Sista, kuku wangu mweupe anayeatamia mayai kumi na mawili, aliinua jicho moja tu, akaendelea na kazi yake. Nilisimama mlangoni mdomo wazi mpaka maharage yakaungua.

Tena imeangukia pazuri. Jumapili ya tarehe 21 wakwe wanakuja kutoka Matai kumposa Lydia wangu. Lydia ni muuguzi. Ukoo mzima hakuna mwingine. Jogoo wa kuwapa ninaye: Diwani, mweusi tii, kifua kama askari wa gwaride. Sasa na asali watakula, ya banda hilohilo. Mzee Kasmir, baba wa kijana, ataisimulia mpaka Kasanga.

Nimemwambia Silvana. Akasema shoga yangu, asali ya wiki mbili umeiona wapi, hao hata masega hawajajenga. Wivu. Ana mizinga miwili kule shambani na hakuna hata mmoja ulioingiwa siku ya Bikira Maria.

Jumatano, 10 Septemba

Tangu asubuhi nimekaa kwenye ndoo mbele ya banda. Niliyoyaona mimi wa darasa la saba, sijui kama hata walimu wanayajua. Nyuki wanatoka na kuingia juu kidogo ya migongo ya kuku, kama watu wanaopishana mlango wa kanisa. Kuku hawawagusi. Wanaokota waliokufa tu, wale wanaotupwa chini na wenzao.

Akaja nyigu mmoja, mrefu, kiuno chembamba, kuwavamia nyuki. Tetea wa kijivu akamdaka, akamsugua ardhini mara tatu kama mtu anayefuta matope ya kiatu, ndipo akammeza. Nani alimfundisha? Mwaka mzima namlisha pumba, sikujua naishi na mtaalamu.

Nimempigia Lydia. Akasema mama, mwite Eustaki mrina asali awahamishe kabla wageni hawajafika. Mtoto amesoma sana, lakini nyuki hakusomea.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika kwa jicho moja.

Nilitaka kuona masega yamefika wapi. Juzi nilimuuliza Eustaki kijuujuu, akasema nyuki hufunguliwa jua likizama. Lakini jua likizama Silvana yuko kwaya, na nilitaka aone kwa macho yake. Nikachagua saa saba mchana. Nikawasha magunzi kwenye kopo. Usoni nikavaa shela ya Komunyo ya kwanza ya Lydia, bado nyeupe kama siku ile. Silvana akaniuliza padri anafika saa ngapi.

Moshi ukazidi. Diwani akaruka, akatua juu ya tenga, tenga likaanguka. Nyuki wakamwendea yeye. Akatoka na wingu kichwani, akapita katikati ya miguu ya Silvana, Silvana akakimbia akaacha ndala zote mbili. Waliobaki wakanikuta mimi. Shela ina tundu. Lydia hakuwahi kuniambia.

Lakini hili lazima niliandike. Nikiwa nimelala chini nilimwona Sista. Tenga lilimwangukia ubavuni. Nyuki wakamtembelea mgongoni, shingoni, mpaka juu ya mdomo, wengi, kama rozari iliyokatika uzi. Hakunyanyuka. Alibana mbawa tu, mayai yasipate baridi. Walipomaliza kumkagua wakamwacha. Nikasahau maumivu. Mimi uchungu wa Lydia uliniweka siku mbili. Nilijua ninachokitazama.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeenda misa hivyohivyo. Kwenye amina midomo ilivyovimba haikufunga.

Mchana Eustaki alikuja. Nyuki wameshaondoka, wameacha sega moja dogo kama kiganja cha mtoto, tupu. Akasema nyuki wakichokozwa hukimbilia kitu cheusi; jogoo angekuwa mweupe pengine wangempita.

Diwani yuko chini ya kitanda changu. Upanga wake wa kichwani umevimba kama nyanya, jicho limefumba. Na kwetu jogoo wa wakwe hafiki mezani na upungufu: kichwa, miguu, firigisi, vyote vinakuwemo, wajionee wenyewe. Mzee Kasmir akikutana na kichwa kile kwenye bakuli, atajiuliza kama jogoo alikuwa mgonjwa, binti naye wamemficha lipi. Posa ya mwanangu inaharibikia kwenye upanga wa jogoo. Sina jogoo mwingine.

Alhamisi, 18 Septemba

Sista ameangua kumi na moja! Silvana amekuja na jogoo wake mwekundu kwapani, mzima, hana hata kikwaruzo. Akasema chukua, Lydia ni wetu sote, ila niapie hutamkaribisha mdudu yeyote mpaka wageni waondoke. Nikalia kidogo. Nikaapa.

Ijumaa, 19 Septemba

Nyigu wamejenga juu ya mlango wa sebule. Kiota kama ngumi. Sikuwakaribisha, wamekuja wenyewe, kwa hiyo kiapo kiko palepale.

Nimeshapanga. Mzee Kasmir akishakaa na kunywa soda, nakiangusha kwa ufagio, tetea wa kijivu anaingia na wenzake, wanasafisha mbele ya macho yake. Kule Matai hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho. Diwani amefumbua jicho, naye atakuwepo. Yale ya weusi Eustaki aliyasema kuhusu nyuki. Hawa ni nyigu.

Silvana nitamwambia siku hiyohiyo. Lydia nimempigia, sikumweleza mengi. Nimemwambia tu awaambie wakwe ni siku kubwa, wanaume wote wavae suti nyeusi. Wanafika Jumapili, tarehe 21, baada ya misa ya kwanza.