Majani ya Mti wa Dada

Jumatatu, 3 Juni
Bila mimi, sayansi ingesimama. Leo mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada, kaleta gunia la majani. Ya mti uleule dada aliokuwa akituchemshia kifua kikibana! Anataka kupima yana dawa gani. Kasema yakauke kivulini siku kumi, yasiguswe na jua wala moto. Chumba changu hakijui jua, kwa hiyo kayatandaza humu, juu ya kitanda. Nikamwambia niliwahi kukausha msitu mzima. Mwisho wa mwezi asipopeleka majibu, nafasi yake chuoni anapewa mwingine.

Alhamisi, 6 Juni
Siku kumi! Za nini? Nimechukua pasi. Jani mojamoja, mbele na nyuma. Kwa muda wa saa nne tu, yamenyooka kama noti mpya! Harufu kidogo. Mpwa kashangaa. Nikamwambia chumba changu kina upepo wa kipekee. Kaamini, maskini.

Jumanne, 11 Juni
Maabara. Kasaga majani, kaloweka unga kwenye chupa tatu: ya maji, ya spiriti, na ya kitu kinachonuka kama petroli. Kila kimiminika huvuta dawa yake kutoka kwenye jani, kanieleza. Nikaitikia kama niliyegundua mimi. Katikisa ya maji: povu, ambalo ndilo dalili ya dawa, hakuna. Katonesha kemikali ya kupimia kwenye ya spiriti: rangi ileile, haikubadilika. Ya tatu, kimya. Mzee Chupa, mwosha vyombo wa pale, kanusa unga uliobaki akauliza, hivi mzee mwenzangu, haya umeyakausha au umeyakaanga? Fitina! Nikamwambia akaoshe chupa zake vizuri, uchafu ndio uliotuponza.

Ijumaa, 14 Juni
Mpwa hali, halali. Kasema labda mama alikuwa akituchemshia takataka, tukapona kwa kumpenda tu. Nilitaka kusema neno. Nikakohoa. Nikasema spiriti ya siku hizi imechakachuliwa.
Kachuma upya. Gunia la mwisho, mti umebaki vijiti. Kayatandaza palepale kitandani. Siku kumi, mjomba wangu, tafadhali. Nimemwapia kwa kaburi la dada.

Jumatano, 19 Juni
Mvua tangu juzi. Majani bado laini. Nimewasha pasi. Lakini mtu mzima hujirekebisha: safari hii natanguliza kitambaa juu ya jani!
Na hili lisitoke humu. Haraka ya sayansi sina. Kitanda ninacho kimoja, na mgongo umeikataa sakafu.