Shangazi wa Jina la Uongo

Kelepi alijua nyakati za kuvaa koti jeupe. Wiki hiyo watu wa maabara walikuwa wanazunguka Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, na vijiti vya pamba, wakipangusa pua za watu, makalio ya nguruwe na midomo ya visima, wakitafuta bakteria waliozoea dawa mpaka hawafi tena. Watu walikuwa wanafunga milango na kuficha nguruwe. Kelepi yeye akatafuta koti la mtumba. Jumamosi alitakiwa kumpelekea baba wa mchumba wake Mele nguruwe mnene. Bila nguruwe, hakuna ndoa.

Mnene kuliko wote alikuwa wa mzee Lisiate, aliyemchanganyia vidonge vya hospitali kwenye machicha ya nazi ili anenepe upesi.

"Mimi ni Feleti, mtoto wa marehemu Hakeai wa Vava'u," alijitambulisha Kelepi, kwani mwongo makini huja na ukoo wake.

Akamchomeka nguruwe kijiti. Nguruwe akakasirika sana.

"Chanya!"

"Chanya si ndiyo nzuri?" aliuliza mzee.

"Kwangu nzuri... yaani, kwako mbaya! Bakteria wake wamekuwa mabaunsa, mzee. Kutoka kwake wanaingia kisimani, kisimani wanaingia kwako. Nikamtibu, au niandike kwamba umemlisha vidonge?"

"Mchukue, mwanangu! Chukua na kamba!"

Hapo mama mmoja akaingia, mkeka wa heshima kiunoni kama desturi ya Tonga, kisanduku cha barafu mkononi. Alikuwa amesikiliza yote nje ya ua.

"Feleti! Mtoto wa kaka yangu Hakeai! Kumbe uko mjini, hata kumsalimia shangazi yako huji?"

Kelepi akapiga hesabu haraka. Tonga unaweza kumkatalia polisi. Shangazi hakataliwi: akitakacho kwa mtoto wa kaka yake ni chake, nawe unashukuru. Na kusema huyu si shangazi ni kusema yeye si Feleti, mbele ya Lisiate, ambaye alikuwa na panga la kufulia nazi.

"Shangazi," alisema, kama aliyemeza mwiba wa samaki.

"Nguruwe huyu nimempenda. Mpakie kwenye gari langu."

"Lakini ana ugonjwa, shangazi..."

"Ndiyo utamu wake. Msukume huko nyuma, usimwogope!"

Alimsukuma jasho likimtoka. Mama akafunga mlango wa gari, akamgeukia Lisiate.

"Natoka maabara. Atakaa kwetu mwezi mzima, hapati kidonge hata kimoja. Tukimaliza kumpima utarudishiwa. Na kesho nakuja kupima kisima, usinifungie mlango."

Lisiate akaitikia kwa kichwa. Mama akawasha gari, akamnong'oneza Kelepi dirishani:

"Baba yangu alizaa mabinti saba. Kaka sina."

"Sasa Jumamosi nitapeleka nini ukweni?"

"Jumamosi utakuja maabara na choo chako kwenye kikopo. Umemshika yule bila glavu."

Lisiate alikuwa bado anawatazama, panga mkononi.

"Asante, shangazi," alisema Kelepi.